UZI: Mavuno makubwa ya shamba la mfano si ushahidi mpaka tujue vipande vilipangwaje

Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila msimu unapokaribia, jukwaa hili hujaa picha za mashamba ya mfano. Huku tunaonyeshwa mbegu iliyobeba mahindi mawili kila mmea, kule tunaambiwa mbolea mpya imeongeza mavuno karibu mara mbili, na wachangiaji wanabishana mpaka usiku wa manane kuhusu kipi ni bora. Ni nadra mtu kuuliza swali linalopaswa kutangulia yote hayo: vipande vilivyolinganishwa vilikuwa vingapi, vilikuwa wapi, na nani aliamua kipi kipewe nini. Nimeanzisha uzi huu kwa ajili ya swali hilo, kwa sababu jibu lake lilichukua takriban miaka 80 kupatikana katika shamba moja la Uingereza, na lilipopatikana likabadili utafiti wa kilimo duniani kote, pamoja na huku kwetu.

Shamba lenyewe ni Rothamsted, lililoko Harpenden, kaskazini mwa London. Mwenye shamba, John Bennet Lawes, alipata hataza ya mbolea ya superfosfeti mwaka 1842, na mwaka uliofuata akamwajiri mkemia Joseph Henry Gilbert, ambaye alifanya naye kazi kwa miaka 57 hadi Lawes alipofariki mwaka 1900. Mwishoni mwa 1843 walipanda ngano katika eneo liitwalo Broadbalk, wakaligawa katika mikanda mirefu: mmoja ukawa unapewa samadi kila mwaka, mwingine haupewi chochote, na iliyobaki inapewa mbolea za viwandani kwa michanganyiko mbalimbali. Jaribio hilo linaendelea hadi leo, na mkanda usiopewa kitu bado unatoa karibu tani moja ya ngano kwa hekta.

Broadbalk ilimaliza ubishi mkubwa wa zama zake. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig alishikilia kwamba mmea hujipatia naitrojeni ya kutosha kutoka hewani, na kwamba kazi ya mkulima ni kurudisha madini tu ardhini. Ngano iliyopewa madini bila naitrojeni ilibaki nyuma kabisa, na tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba mpita njia angeiona bila mizani. Tofauti ya namna hiyo haihitaji hesabu. Taabu inaanza pale unapotaka kujua kama mbegu hii inazidi ile kwa asilimia kumi, kwa sababu Lawes na Gilbert waliipa kila mbolea mkanda mmoja tu, na mkanda mmoja ukizidi jirani yake kidogo, hakuna njia ya kujua kama iliyozidi ni mbolea au ni udongo.

Mwaka 1919 mkurugenzi wa kituo, John Russell, alimwajiri kwa muda kijana wa miaka 29, mtaalamu wa hisabati Ronald Fisher, ili aone kama katika madaftari ya miongo yote hiyo kuna cha maana kilichosalia. Fisher mwenyewe aliita kazi hiyo kuchakura lundo la samadi. Mwaka 1921 alichapisha uchambuzi wa mavuno ya vipande 13 vya Broadbalk tangu 1852 hadi 1918, ambamo alitenganisha mabadiliko ya mwaka hadi mwaka yanayoletwa na hali ya hewa, uchovu wa udongo unaokwenda taratibu, na mabadiliko mengine ya polepole yasiyoelezeka kwa hayo mawili. Mshukiwa wake mkuu katika hayo ya mwisho alikuwa magugu, na miongoni mwa sababu alizozitaja ni sheria za elimu zilizowapeleka shuleni watoto waliokuwa wakitumika kung'oa magugu. Mimi huwa nafurahia sana sehemu hii: mtu ameketi ofisini na safu za namba, na namba zinamwonyesha kwamba palizi ilipungua kabla hajazaliwa.

Hata hivyo, somo kubwa alilolipata ni kwamba jaribio lililopangwa vibaya haliokolewi na hesabu za baadaye, hata hesabu ziwe hodari namna gani. Mwaka 1923, akishirikiana na Winifred Mackenzie, alichapisha uchambuzi wa jaribio la aina 12 za viazi na mbolea mbalimbali, ambamo kwa mara ya kwanza tofauti zote za mavuno shambani ziligawanywa kwa hesabu katika mafungu: fungu la mbegu, fungu la mbolea, na fungu la udongo na bahati. Kufikia 1926 alikuwa ameandika waziwazi jinsi jaribio la shambani linavyopaswa kupangwa, na mpangilio huo ndio unaotumika mpaka leo kwenye vituo vya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, kuanzia Ilonga hadi Uyole.

Nieleze kwa mfano wa shamba la kwetu. Tuseme una mbegu nne za mahindi na shamba lenye mteremko. Chini kuna udongo ulioshushwa na mvua, juu kuna changarawe, na upande mmoja kuna kichuguu cha zamani kilichosawazishwa, ambapo kila mkulima anajua mahindi hustawi kuliko kwingine. Ukizipanga mbegu kwa mikanda kutoka juu hadi chini ya mteremko, moja kila eneo, utakuwa umepima mteremko. Badala yake unaligawa shamba katika bloku, kila bloku ikifuata usawa mmoja wa mteremko ili udongo wake usitofautiane sana, kisha ndani ya kila bloku unaweka mbegu zote nne. Bloku zikiwa nne au tano, kila mbegu inakuwa na marudio manne au matano, na sasa unaweza kuona mbegu hiyo hiyo inavyotofautiana na yenyewe kutoka kipande hadi kipande. Tofauti hiyo ya mbegu na nafsi yake ndiyo kipimo cha bahati. Kama mbegu mbili zinazidiana kwa kiasi kisichofikia kipimo hicho, bado hujathibitisha lolote.

Nafasi ya kila mbegu ndani ya bloku hupangwa kwa kura, na hapa ndipo watu wengi huona utani. Kwa nini mtaalamu aliyesoma miaka mingi aokote vikaratasi? Kwa sababu mtaalamu naye ana mbegu anayoipenda, na mkono wake utaipeleka penye kichuguu hata kama moyo wake ni safi. Kura haina mjomba. Zaidi ya hapo, kura ndiyo inayoipa hesabu uhalali wake, kwa kuwa tunaweza kusema ni mara ngapi matokeo kama haya yangetokea kwa bahati tupu. Fisher alilionyesha hilo kwa chai. Mtafiti mwenzake Rothamsted, Muriel Bristol, alidai anaweza kutambua kwa ladha kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai ndiyo iliyotangulia. Katika kitabu chake cha 1935 Fisher alilieleza jaribio hilo kwa vikombe vinane, vinne vya kila namna, vilivyopangwa bila mpangilio: kuna njia 70 za kuchagua vinne kati ya vinane, hivyo anayebahatisha ana nafasi moja tu kati ya 70 ya kupatia vyote.

Nimalizie na jambo la nyumbani. Kongwa, Urambo na Nachingwea wanaukumbuka mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza. Timu ya John Wakefield ilizunguka mwaka 1946, ikapendekeza karanga zilimwe kwenye zaidi ya ekari milioni 3 za Afrika Mashariki, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, na kazi ikaanza 1947. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na takriban pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, ambao kiangazi hukauka na kuwa mgumu kiasi kwamba karanga hazing'oleki, na mvua zake hazitabiriki. Mambo haya mawili yangejulikana kwa vipande vichache vya majaribio kwa misimu michache, lakini mpango ulitoka kwenye ripoti ukaenda moja kwa moja kwenye matrekta. Wakati huo mbinu za Fisher zilikuwa na miaka zaidi ya 20 na zilikuwa zinafundishwa katika nchi ile ile iliyotoa fedha.

Karibuni tujadili.

Mkulima wa Kilosa

Mkuu, umenigusa. Msimu uliopita tulialikwa siku ya mkulima na kampuni moja ya mbegu ambayo sitaitaja. Shamba lao lilikuwa kando ya barabara, zamani palikuwa zizi la ng'ombe, kila mzee wa kijiji analijua hilo. Mbegu yao ilipandwa pale zizini, na mbegu ya kulinganisha ilipandwa pembeni. Tuliambiwa magunia 30 kwa ekari. Nilipouliza walipimaje, wakasema walivuna kieneo kidogo wakazidisha. Je, hesabu ya namna hiyo inakubalika?

Mleta uzi

Kuzidisha kunakubalika, mkuu, lakini ujue kunazidisha na makosa. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Wakivuna kipande cha mita 5 kwa 4, yaani mita za mraba 20, wanapaswa kuzidisha kwa 202. Kosa la kilo moja kwenye mizani linageuka kilo 202 kwa ekari, ambazo ni magunia mawili. Kosa hilo hupatikana kirahisi sana: mahindi hayajakauka vizuri, au kamba ya kupimia imelegea, au mstari mmoja wa pembeni umeingizwa ndani. Mimea ya ukingoni hupata mwanga na nafasi zaidi, kwa hiyo hubeba zaidi, na kipande kikiwa kidogo sehemu kubwa ya mimea yake ni ya ukingoni. Kuhusu zizi la ng'ombe, hapo hakuna hesabu ya kusaidia. Walipima samadi ya miaka mingi.

Tukumbuke pia kwamba shamba la mfano na jaribio ni vitu viwili. Kabla ya kuingia sokoni, mbegu mpya hupitishwa kwenye majaribio rasmi ya kitaifa katika maeneo mbalimbali chini ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu nchini, na hayo ndiyo ya kuuliza matokeo yake. Shamba la barabarani ni tangazo, na tangazo lina haki ya kuwepo mradi lisijiite utafiti.

Mdau wa takwimu

Naomba kuongezea hapo kwenye kukata kipande na kupima, kwa kuwa ndiyo njia ambayo nchi nyingi hutumia kukadiria mavuno ya taifa zima. Njia hii ilikomazwa India. P. C. Mahalanobis, mwanzilishi wa taasisi ya takwimu ya Kolkata mwaka 1931, aliongoza tafiti za sampuli za zao la juti huko Bengal kuanzia miaka ya 1930, akitumia vipande vidogo sana ili kupunguza gharama. P. V. Sukhatme akapinga, akaonyesha kwa kupima vipande vya ukubwa tofauti kwenye mashamba yale yale kwamba vipande vidogo hutoa makadirio ya juu kuliko mavuno halisi. Sababu ni ile ile aliyoitaja mleta uzi: mchukua takwimu akikuta mmea umesimama juu ya mpaka, mkono wake huuingiza ndani. Wasomi wawili wakubwa walibishana kwa miaka kuhusu jambo linaloonekana dogo, lakini ukilizidisha kwa mashamba ya nchi nzima linaweza kuonyesha chakula ambacho hakipo.

Upande wa pili wa hesabu ni eneo. Mavuno kwa ekari ni kilo zilizogawanywa kwa ekari, na ekari hizo mara nyingi ni za kukisia. Tafiti zilizofanyika Uganda kwa kulinganisha makisio ya wakulima na vipimo vya GPS zilionyesha kwamba wenye mashamba madogo huelekea kuyataja kuwa makubwa kuliko yalivyo, ilhali wenye makubwa hupunguza. Kwa hiyo kabla hatujamlaumu mkulima mdogo au kumsifu kwa tija yake, tupime kwanza shamba lake.

Mwana wa Mbita

Ndugu mleta uzi, nakupongeza, ila nina pingamizi moja. Umetupeleka Uingereza na India, na vituo vya utafiti vina tabia ya kutupatia matokeo ambayo hayafiki kwa mkulima. Kituoni kuna mbolea, kuna vibarua, kuna dawa. Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria kuna bungua, viwavi wanaotoboa mabua, na kuna kiduha, gugu linalonyonya mizizi, na mkulima ana jembe tu. Napendekeza tutazame jambo lililofanyika Mbita, upande wa Kenya, ambalo kwa bahati njema lina mkono wa Rothamsted hiyo hiyo.

Taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE, iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, ilishirikiana na Rothamsted na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya katika miaka ya 1990 kutafuta namna ya kuzuia bungua bila dawa. Zeyaur Khan aliongoza kazi ya shambani, na John Pickett wa Rothamsted akashughulikia kemia ya harufu. Walijaribu majani ya aina nyingi, wakaishia na utaratibu unaojulikana kama sukuma-vuta: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, inapandwa katikati ya mistari ya mahindi, na majani ya nepia yanazunguka shamba. Kwa maelezo yao, nondo wa bungua anafukuzwa na harufu ya desmodiamu na kuvutwa na nepia, anataga huko, na viwavi wengi wanakufa kwa utomvu wa nepia unaonata.

Jambo ambalo hawakulitarajia ni kwamba penye desmodiamu kiduha nacho kilipungua sana. Hapa ndipo ninapokubaliana nawe kuhusu kupanga jaribio. Maelezo ya haraka yalikuwa mengi: desmodiamu inaongeza naitrojeni, inatia kivuli, inahifadhi unyevu. Watafiti waliyapima moja moja. Kisha wakachukua vyungu vya desmodiamu, wakayapitisha maji kwenye mizizi yake, na maji hayo yakaenda kunywesha mahindi yaliyopandwa pamoja na mbegu za kiduha katika vyungu vingine. Mahindi hayo hayakuwa na kivuli wala jirani, yalikuwa na maji tu, na bado kiduha kilipungua. Ikabainika kwamba mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali, baadhi zikiamsha mbegu za kiduha na nyingine zikiizuia isijishike kwenye mzizi wa mahindi, hivyo inaota na kufa. Matokeo yakapelekwa kwenye mashamba ya wakulima wenyewe, ambako kila mkulima alikuwa na kipande cha sukuma-vuta na kipande cha mahindi matupu kando yake.

Mleta uzi

Pingamizi lako nalikubali lote, na mfano wako ni bora kuliko wangu wa chai. Niongeze tu kwamba kisa hicho hakijafungwa. Mwaka 2024 timu nyingine ya watafiti ilichapisha matokeo yanayosema kwamba desmodiamu waliyoipima haikuwa ikitoa harufu ya kufukuza nondo kwa kiasi cha maana, na kwamba kazi inafanywa na vinyweleo vya majani yake, ambavyo hunasa na kuua viwavi. Wapo wanaoendelea kutetea maelezo ya harufu. Kwa mkulima wa Mbita mahindi yanapona vilevile, kwa kuwa ushahidi wa mavuno ulitoka kwenye vipande vilivyolinganishwa shambani na hautegemei nani atashinda ubishi wa maabara. Anayetaka kuhamishia mbinu hiyo kwenye zao jingine au kwa mdudu mwingine, huyo ndiye anayehitaji kujua ni harufu au ni vinyweleo.

Mpita Njia

Fisher huyo mnayemsifu ndiye aliyepinga katika miaka ya 1950 kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu. Leo mnatuambia tumwamini kuhusu mbegu?

Mleta uzi

Ni kweli alipinga, na alikosea vibaya. Hoja yake ilikuwa kwamba wavutaji hawakuchaguliwa kwa kura, na kwa hiyo huenda kitu kingine katika miili yao kilisababisha yote mawili. Hakuna anayeweza kuwapangia watu kwa kura wavute sigara miaka 30, hivyo ushahidi ulibidi ukusanywe kwa njia nyingine, na ulikusanywa mwingi mno, naye hakuukubali. Mahindi hayana tatizo hilo, unaweza kuyapigia kura utakavyo. Sikuomba mtu yeyote amwamini Fisher. Bloku na kura vinafanya kazi bila kujali tabia za aliyevibuni.

Mkulima wa Kilosa

Sasa mkuu, mimi nina ekari mbili, sina shahada ya takwimu, na nataka kulinganisha mbegu mbili kabla ya kununua za shamba zima. Nifanyeje?

Mleta uzi

Tengeneza jozi sita za vipande, kila jozi ikiwa vipande viwili vinavyopakana kwenye udongo unaofanana, na jozi zenyewe zitawanye shambani: moja bondeni, moja mwinukoni, moja karibu na njia, na kadhalika. Penye kichuguu au zizi la zamani pakwepe, au hakikisha vipande vyote viwili vya jozi vimeingia humo. Kwa kila jozi rusha sarafu. Ikiangukia upande wa kichwa, mbegu ya kwanza inakaa kushoto. Matokeo ya sarafu yasibadilishwe hata kama yamekuja kichwa mara tano mfululizo. Panda siku moja, nafasi moja, mbolea sawa na palizi sawa.

Wakati wa kuvuna, acha mistari ya pembeni ya kila kipande, vuna ya ndani tu, pukuchua, kausha mpaka unyevu ufike asilimia 13.5, ndipo upime. Afisa ugani wako akiwa na kipima unyevu, mwazime. Kisha usitafute wastani kwanza. Angalia ni jozi ngapi mbegu ya kwanza imeshinda. Kama mbegu zinalingana, kila jozi ni sawa na kurusha sarafu, na nafasi ya mbegu uliyoitaja mapema kushinda jozi zote sita ni moja kati ya 64. Ikishinda mara sita, nunua. Ikiwa ni nne kwa mbili, bado hujui, hata kama jumla ya kilo inavutia, na itakubidi urudie msimu unaofuata au ununue ile ya bei nafuu.

Jozi zichague sasa, kabla ya mvua, shamba likiwa tupu, na uandike kwenye daftari kipande kipi kina mbegu ipi, kwa kuwa vibao vya mbao watoto huving'oa.